Undertale na Fimbo ya Kidato cha Pili

Mara ya kwanza nilipocheza Undertale nilimuua Toriel. Mpaka leo, wenzangu wa Elimu wakibishana hosteli kuhusu mwalimu bora ni yupi, yeye ndiye wa kwanza kunijia kichwani. Ngoja nieleze taratibu, maana najua wengi wenu magemu mnayoyajua ni ya mpira na yale ya kupigana risasi kwenye simu.

Undertale ni gemu dogo la kuigiza mhusika. Limetengenezwa na Mmarekani anayeitwa Toby Fox, karibu peke yake: hadithi yake, programu yake, muziki wake, na kwenye picha akasaidiwa zaidi na rafiki yake. Mwaka 2013 alichangisha pesa kwa watu mtandaoni, na Septemba 2015 gemu likatoka. Linaisha kwa saa sita au saba. Picha zake ni za vidoti vidoti, kwa hiyo hata laptop ya zamani inalibeba bila kuhema. La kwangu lilikuja kwa flashi kutoka chumba cha pili, na nakiri hapa hadharani kwamba Toby Fox bado hajapata senti yangu.

Hadithi yenyewe: mtoto wa binadamu anatumbukia chini ya mlima, kwenye nchi ya mazimwi waliofungiwa huko baada ya kushindwa vita na binadamu. Anatafuta njia ya kurudi juu. Kila akikutana na zimwi, linafunguka boksi la pambano lenye vitufe vinne: kupigana, kutenda jambo, kutumia kitu ulichonacho, na huruma. Ukiua unapata pointi zinazoitwa EXP, na namba ya LV inapanda, uhai unaongezeka. Kama umewahi kucheza gemu lolote la aina hii, hapo huulizi. Unaua, unapanda, unaendelea.

Toriel ndiye zimwi wa kwanza mwema. Ni mama mwenye sura ya mbuzi, anakuokota, anakuokea pai, anakuandalia chumba. Anakushika mkono kukuvusha kwenye fumbo la miiba, yaani fumbo analifumbua yeye, wewe unafuata tu. Ndoto yake, anasema, ni kuwa mwalimu. Nilicheka sana pale, maana wiki hiyohiyo tulikuwa na mtihani wa saikolojia ya elimu, tunakariri Vygotsky na habari za kumsaidia mtoto mpaka aweze mwenyewe. Nikasema huyu mama angefeli. Anampenda mwanafunzi mpaka anamfanyia kazi yake.

Ukitaka kuondoka kwake anakuzuia, na inabidi mpambane. Nilibonyeza huruma mara tatu nne, hakuna kilichobadilika. Nikasema basi, labda nimdhoofishe kwanza ndipo nimwachie. Nikampiga. Uhai wake ulipopungua, pigo moja la mwisho likawa kubwa kuliko mengine yote, akafa. Na kitu kilichoniuma ni kwamba kabla ya hapo, uhai wangu ulipokuwa umebaki kidogo, mioto yake ilikuwa inanikwepa. Alikuwa hataki kuniumiza.

Nikafanya unachofanya kwenye gemu: nikafunga, nikafungua nilipokuwa nimehifadhi, nikarudia. Safari hii nikabonyeza huruma bila kuchoka, zaidi ya mara ishirini, mpaka akashusha mikono. Nikatoka najiona mwema. Mlangoni nikamkuta Flowey, ua lenye sura ya mtu. Likaniambia linajua nilichofanya. Nilimuua, nikajuta, nikarudi nyuma. Gemu lilikuwa limekumbuka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanalisifu. Baadaye unaambiwa maana halisi ya zile herufi. EXP si uzoefu, ni hesabu ya uliowaua. LV, ambayo kirefu chake kinasomeka kama neno upendo kwa Kiingereza, kumbe ni kiwango cha ukatili. Muda wote unaona namba inapanda unadhani unakua, kumbe unazidi kuwa mtu ambaye kuumiza hakumsumbui.

Na ukiamua kutoua, kila zimwi ana jambo lake la kumjua. Whimsun anakuja analia, ukimwacha tu anaondoka. Snowdrake anataka mtu acheke vichekesho vyake vibovu. Shyren ana aibu, ukimung'unya wimbo naye anaanza kuimba. Undyne, askari mkali kuliko wote, anakukimbiza na mkuki mpaka kwenye nchi ya joto, anaanguka na deraya zake, na wewe unachota maji unammwagia. Anainuka, anakutazama, anaondoka. Sijaona somo la saikolojia lililonieleza vizuri zaidi kwamba tabia ina chanzo.

Sasa nitoke kwenye laptop.

Nilikwenda mazoezi ya kufundisha nyumbani, wilaya ya Kilwa, shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja. Wiki nane, Historia na Kiswahili. Kidato cha pili nilichopewa kilikuwa na wanafunzi 74. Siku ya pili, ofisini, mwalimu mmoja alinisogezea fimbo mezani kwa upole kabisa, kama mtu anayekuazima kalamu. Akasema, "Mwanangu, ukiwa mpole hawa watakupanda kichwani."

Kanuni tulisoma. Tangu mwaka 2002 adhabu ya viboko inatolewa na mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mimi sikuwa na karatasi yoyote. Nilikuwa na fimbo tu. Nilijiambia naibeba kwa ajili ya kuonyeshea ubaoni.

Kulikuwa na kijana mmoja, mkimya, mtoro. Siku moja ya wiki ya tatu aliingia saa nne na nusu, katikati ya kipindi changu, baada ya kukosa siku tatu. Kaptura ina chumvi. Darasa likacheka, na mimi nikahisi wananicheka mimi. Nikamwita mbele. Nikamuuliza ametoka wapi, akanyamaza. Nikamwambia anyooshe mkono. Nilimchapa viwili. Kiganja chake kilikuwa na michubuko tayari, nikaiona baada ya kiboko cha kwanza, na bado nikapiga cha pili. Hakulia. Alijifuta mkono kwenye kaptura akaenda kukaa. Darasa likatulia kimya safi, na nisidanganye, kwa dakika kama mbili nilijisikia mwalimu. Namba yangu ilikuwa imepanda.

Wiki iliyofuata nilipewa kujumlisha mahudhurio. Nikapita mstari wake kwa kidole: hayupo siku tatu nne mfululizo, halafu yupo zaidi ya wiki bila kukosa, halafu hayupo tena. Kila baada ya wiki mbili hivi. Mtoto wa Kilwa Masoko kama mimi, niliyelelewa na bibi mwenda pwani, ilinichukua dakika nzima kuelewa ninachokiangalia. Ilikuwa bamvua. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapwa sana asubuhi, miamba inabaki nje, na watu wanakwenda kutafuta pweza. Michubuko ile ilikuwa ya matumbawe. Bibi yangu alikuwa nayo hivyohivyo, na ada yangu ya shule ilitoka humo.

Nilimwita baada ya vipindi, nikamuuliza taratibu. "Tunaenda pweza na mama, Madam. Baba yuko Mtwara." Basi. Hakuongeza neno. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Haina shida, Madam," akiangalia miguu yake. Mwalimu mwenzangu akisoma hapa anajua kwamba mtoto akisema haina shida kwa sauti ile, shida ipo palepale.

Kilichonimaliza kilikuja kwenye mada ya Maji Maji. Ukiwa Kilwa huifundishi mada ile kama habari ya mbali. Vita ilianzia Umatumbi, Nandete, mwaka 1905, watu walipong'oa pamba ya Mjerumani. Boma lao lipo Kivinje, magofu yanatazama bahari, wanafunzi wangu wanapita hapo wakienda kununua samaki. Nikaeleza kazi za lazima, nikaeleza kiboko, lile neno la wazee la hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Msichana wa mbele akauliza, "Madam, walikuwa wanachapwa kwa kosa gani?" Nikajibu, "Kutofika shamba la pamba." Nikasikia nilichosema. Fimbo ilikuwa juu ya daftari la mahudhurio. Sijui wangapi waliona. Yule kijana sikumtazama.

Niliirudisha ofisini mchana ule. Mwalimu aliyenipa hakugomba, alisema tu, "Utairudia." Sikuirudia, ila nisijifanye shujaa: wiki tano zilizobaki zilikuwa ngumu. Na hapa ndipo ninaporudi kwenye kasoro za Undertale, maana kasoro zake nilizielewa Kilwa kuliko hosteli.

Kasoro ya kwanza, huruma ya gemu inageuka fomula. Ukishajua dawa ya zimwi fulani, ukikutana naye mara ya kumi unabonyeza vitufe vilevile bila kufikiri, na mazimwi hao wanatokea tena na tena. Wanafunzi hawana dawa moja. Kijana wangu nilimruhusu siku za bamvua aje kwangu mchana kunakili alichokosa. Alikuja mara mbili, ya tatu hakuja.

Ya pili, mazimwi wanakuja mmoja, wawili, watatu. Hakuna pambano la 74. Huruma inataka muda wa kumsikiliza mtu, na kipindi ni dakika 40. Gemu halijui habari hiyo, na wala vitabu vyetu vya chuo havijui. Yule mwalimu aliyenipa fimbo anafundisha vipindi vingi kuliko siku ilivyo na saa, na sikumwona hata siku moja akimchukia mtoto.

Ya tatu, gemu lenyewe linajikanusha. Karibu na mwisho mfalme Asgore anakivunja kile kitufe cha huruma na inabidi umpige. Saa sita nzima unafundishwa kwamba njia nyingine ipo, halafu unafungiwa. Wapo wanaosema hapo ndipo penye akili. Mimi niliona nimeonewa. Na ukitaka ule mwisho mzuri kabisa, baada ya hapo unarudishwa nyuma kuzunguka tena sehemu ulizokwisha pita. Sehemu ya Hotland nayo ni ndefu mno kwa utani wake.

Ya nne, asiyeua anabaki na uhai uleule wa mwanzo mpaka mwisho, na kukwepa mishale kunataka vidole vyepesi. Kwa Undyne nilikufa mpaka kitufe cha Z kikalegea. Na utani wake mwingi ni wa maneno ya Kiingereza, pamoja na majina ya aina za herufi za kompyuta. Nilijaribu kumtafsiria mdogo wangu, nikaishia kueleza kichekesho kwa dakika tano, na kichekesho kikieleezwa hivyo kimekufa.

Lakini kasoro hizo zote naweza kuzisamehe. Ninayoona ni kubwa zaidi ni ndogo kwa sura: kwamba nilipomuua Toriel niliweza kurudi. Ni kweli Flowey alinisuta, ila Toriel mwenyewe hakujua kitu. Alinikumbatia kana kwamba sijawahi kumgusa. Mwanafunzi wangu anakumbuka, na hakuna mahali nilipohifadhi kabla ya kiboko cha pili.

Siku ya mwisho niliwarudishia madaftari, namwita mmoja mmoja. Alikuja, akapokea, akasema, "Asante, Madam." Alikuwa amepata 61, ya nne darasani, na siku zile zote alizokosa. Nilimwambia hongera. Akatabasamu kidogo, sijui kwa alama au kwa adabu.

Basi wewe unayesubiri kupangiwa shule mwakani, cheza Undertale kabla hujaenda. Ni saa sita tu, chini ya msimu mmoja wa tamthilia. Usitegemee likufundishe kuendesha darasa, maana hilo halijui. Ila siku mtu atakaposogeza fimbo mezani kwako kwa upole, angalau utajua namba inayopanda ni ya nini. Na ukiwa pwani, kabla hujamwita mtoto mtoro, angalia mwezi.