Kwenda India Bila Kuumwa

Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinampa mtumishi siku 28 za likizo kila mwaka, na mara moja katika kila miaka miwili mwajiri humlipia nauli ya kwenda kwao na kurudi. Sijawahi kusikia mtumishi akiilalamikia kanuni hiyo, isipokuwa fedha zinapochelewa. Lakini ukiitazama kwa makini utaona picha iliyokuwa kichwani mwa walioitunga: mtumishi ni mtu aliyetoka kijijini, akapangiwa kazi mbali, na kupumzika kwake ni kurudi alikotoka. Kwa Mfipa aliyepangiwa Lindi, hiyo ni haki tupu. Mimi nimepangiwa Sumbawanga, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kijiji nilikozaliwa, na nauli yangu ya likizo haifiki bei ya jogoo.

Mwaka huu nimekusudia kuitumia likizo hiyo kwa namna ambayo kanuni haikuiwaza. Nataka kwenda Mumbai kwa siku kumi, kwa fedha yangu mwenyewe, bila semina, bila mzigo wa kuleta dukani, bila mgonjwa wa kumsindikiza. Nakwenda kutazama.

Nilipomweleza shangazi yangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pole, mwanangu. Madaktari wamesema ni nini?"

Sikumlaumu. Kwa miongo mingi, neno India katika kaya za Tanzania limekuwa na maana moja: rufaa. Mtu hupelekwa India pale hospitali za hapa zinapofika mwisho wa uwezo wake, na wengi wetu tumewahi kuchangia safari ya aina hiyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanza kazi pale Muhimbili mwaka 2015, moja ya sifa zake kubwa ilikuwa kwamba wagonjwa wa moyo hawatalazimika tena kwenda India kwa wingi kama zamani. Ni sifa ya kweli. Hata hivyo, nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja imebaki vichwani mwetu kama wodi. China nayo tumeigeuza ghala: Guangzhou ni jina la kontena, na mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda huko mara tatu kwa mwaka huona hoteli, soko na kituo cha kupakia mizigo, basi.

Mtu wa Sumbawanga angepaswa kuwa wa mwisho kuikubali hali hiyo, maana anajua ilivyo mahali pako kujulikana kwa jambo moja. Ukilitaja jina la mji wetu Dar es Salaam, msikilizaji hutabasamu na kuuliza habari za uchawi. Wenzangu wawili waliposikia mpango huu waliniuliza kwa nini nasumbuka na tiketi ya ndege ilhali ungo upo.

Wenzangu wengine walikuwa na swali zito zaidi: "Nani anakudhamini?" Swali hilo linaeleza mengi kuhusu utumishi wetu. Tumezoea kwamba safari ya nje huja na barua ya mwaliko, masurufu na posho ya kujikimu, na kwamba msafiri mwerevu ni yule anayerudi na fedha nyingi kuliko alizoondoka nazo. Rais Magufuli alipozuia safari za nje za watumishi mwezi Novemba 2015, mpaka kwa kibali maalumu, wananchi wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Safari ilikuwa imegeuka nyongeza ya mshahara. Lakini katika kushangilia, tuliingiza jambo la pili kimyakimya: kwamba kusafiri nje kwenyewe ni anasa ya kutiliwa shaka. Mtumishi anayekwenda kwa fedha ya umma huulizwa aliyekwenda kufanya. Anayekwenda kwa fedha yake huulizwa alikoipata. Swali la kwanza ni haki ya kila mlipakodi. La pili nimekubali kulijibu hapa kwa hiari, kwa sababu nadhani hesabu yenyewe inafundisha.

Safari nzima imenigharimu, au itanigharimu, shilingi 3,485,000. Karibu nusu yake, shilingi 1,600,000, nimeitenga kwa ndege. Air Tanzania ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai mwezi Julai 2019, na yapo mashirika mengine yanayopitia Addis Ababa, Nairobi au miji ya Ghuba; anayeweza kuvumilia kusubiri uwanjani saa nyingi mara nyingi hulipa kidogo zaidi. Basi la kwenda Dar na kurudi, pamoja na kulala huko usiku mbili, ni 260,000. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, unaweza kushuka kutoka uwanda wa Ufipa hadi Tunduma, ukapita Mbeya na Iringa, ukafika Dar bila kulipia kitanda njiani. Mgongo ndio unaolipa.

Hati ya kusafiria ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Kwa viza na chanjo nimetenga 180,000. Viza ya utalii ya India huombwa kwa mtandao, na ipo ya siku 30, ya mwaka mmoja na ya miaka mitano. Atakayejaribu ahakikishe yuko kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, maana zipo nyingine zinazofanana nayo ambazo kazi yake ni kukamua watu. India pia ni kali kuhusu homa ya manjano: chanjo ipatikane angalau siku 10 kabla ya kuingia, na cheti kiwe mkononi, la sivyo unaweza kuimalizia likizo yako karantini.

Ukishafika, mambo yanakuwa mepesi. Rupia moja ni kama shilingi 30. Nauli ya chini ya treni za mjini Mumbai, daraja la pili, ni rupia 5, yaani shilingi 150, na treni hizo hubeba mamilioni ya watu kila siku. Mkate wa vada pav, wenye kiazi cha kukaanga ndani, hupatikana barabarani kwa chini ya shilingi 1,000. Chakula na usafiri wa siku kumi nimevipa shilingi 240,000. Malazi ni 405,000 kwa usiku tisa, nami nimeyapandisha kwa makusudi. Kisheria, nyumba ya wageni inayompokea mgeni kutoka nje ya India lazima imsajili kwa mamlaka, na nyingi za bei ya chini kabisa hukwepa usumbufu huo kwa kusema zimejaa. Viingilio na kivuko ni 100,000, zawadi 150,000, na akiba ya dharura 400,000 ambayo nakusudia irudi nyumbani kama ilivyo.

Upo pia wakati wa kwenda. Likizo ndefu ya vyuo huanza Julai, na Julai Mumbai ni maji. Tarehe 26 Julai 2005 ilinyesha mvua ya milimita 944 kwa siku moja. Kwa hiyo nimechagua mwanzo wa Oktoba, mvua zikiwa zinaondoka na bei za sikukuu ya Diwali hazijapanda.

Kwenye orodha yangu kuna stesheni kuu ya reli, ile iliyoitwa Victoria, ambayo tangu mwaka 2004 imo katika Urithi wa Dunia. Kuna Lango la India lililokamilika mwaka 1924. Na kuna mapango ya Elephanta, ambako Mhindi hulipa rupia 40 na mgeni 600. Sitalalamika, kwa kuwa hata sisi Katavi tunawatoza wageni kwa dola. Matembezi ya kulipia katika mtaa wa Dharavi nimeyafuta. Nimekulia mahali ambapo wageni walisimamisha gari kutupiga picha, na najua upande wa pili wa kamera ulivyo.

Lakini kinachonivuta zaidi hakina kiingilio. Mwaka 1864 David Livingstone alivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kwa mashua yake ndogo iitwayo Lady Nyassa, na miongoni mwa aliokuwa nao walikuwamo Waafrika wawili, Chuma na Susi. Susi alibaki akifanya kazi gatini. Chuma, aliyekuwa bado kijana, aliwekwa shuleni. Miaka tisa baadaye ndio walioongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo, ukazunguka kusini mwa Ziwa Tanganyika kuelekea Tabora hadi Bagamoyo. Maana yake ni kwamba walipokuwa wakipita kwenye nyanda hizi zetu, walikuwa tayari wameshaijua Bombay, bandari yake na lugha zake. Tunafundisha watoto kwamba ni wapagazi waaminifu. Hatuwafundishi kwamba walikuwa wasafiri wa dunia kuliko wengi wa maprofesa wetu.

Na babu zetu ambao hawakwenda popote waliijua India mfukoni. Kodi ya kibanda ya Wajerumani ilidaiwa kwa rupia, na hata Waingereza walipoingia, rupia iliendelea mpaka shilingi ilipochukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mzee aliyetembea hadi Bismarckburg, yaani Kasanga, kulipa kodi, alishika sarafu yenye jina nitakaloshika Oktoba.

Hatari nazo nimezihesabu. Mwezi Januari 2016 mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu barabarani Bengaluru kwa kosa ambalo hakulifanya, kwa kuwa tu alikuwa Mwafrika. Waafrika wengine wamepigwa mijini India baada ya hapo. Simfichi msomaji, hasa mwanafunzi anayefikiria kwenda kusoma huko. Namba ya ubalozi wetu nimeiandika kwenye karatasi, si kwenye simu pekee, na ile akiba ya 400,000 ipo kwa ajili ya mambo kama hayo.

Kuipata hati ya kusafiria kulikuwa somo la pekee. Inahitaji cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo mbadala. Baba yangu alizaliwa kabla ya Uhuru, kijijini, na hakuna aliyemwandika. Na sisi tuko mpakani: Walungu na Wamambwe wana ndugu zao Mbala na Mpulungu, na mtu anaweza kwenda msibani Zambia akarudi jioni. Basi ofisa alinihoji, kwa adabu, jina la babu, la kijiji, la mtemi wa wakati ule. Nilimjibu kwa sababu nilibahatika kukaa na wazee. Kijana wa leo aliyelelewa na mama peke yake mjini angejibu nini? Raia wa mikoa ya mpakani hulazimika kuuthibitisha uraia wake kwa kumbukumbu za marehemu, na wengi huligundua hilo siku wanapotaka kwenda mahali.

Sasa nije kwenye fedha. Nimeweka shilingi 90,000 kila mwezi kwa miezi 24: jumla 2,160,000. Kilichobaki, 1,325,000, ni mahindi. Nina gunia 25 za kilo 100, kwa hiyo nahitaji shilingi 530 kwa kilo. Hapo ndipo likizo yangu inapokutana na siasa. Mwaka 2017 serikali ilipopiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi, bei Rukwa iliporomoka, na wakulima waliokuwa wamepanga ada, bati na mbolea kwa bei ya jana walibaki na maghala yaliyojaa na mifuko mitupu. Mimi nina mshahara. Bei ikianguka nitaahirisha safari. Jirani yangu wa shamba hana cha kuahirisha isipokuwa shule ya mtoto. Tunapomwambia mwananchi apange maisha yake kwa bajeti, tukumbuke nani anashika kalamu inayoandika bei.

Shangazi, alipoelewa hatimaye kwamba siumwi, aliuliza swali nililokuwa naliogopa: fedha hiyo si ingeezeka nyumba yake? Ingeezeka, na ingebaki. Nilimweleza kwamba bati zake nimezianza mwaka jana na nitazimalizia mwakani kama tulivyokubaliana, na kwamba hizi ni nyingine. Hakuridhika. Sioni kwa nini aridhike. Mvua ya Ufipa haisubiri hoja za mhadhiri. Lakini ningemkatalia pia mtu anayedai kwamba mwenye ndugu maskini hana ruhusa ya kuona dunia mpaka umaskini uishe, kwa sababu sharti hilo huwekewa sisi tu. Wanaosafiri kwa kodi ya shangazi hawajawahi kumuuliza habari ya bati.

Ombi langu la kibali liko kwenye meza ya mwajiri. Kwenye nafasi ya "sababu ya safari" niliandika: kutembea. Karani aliniita kuniuliza kama nimesahau kuambatisha barua ya mwaliko, nikamwambia hakuna aliyenialika. Tiketi bado sijakata. Mahindi yapo ghalani, yamekauka vizuri, na juzi wanunuzi kutoka Tunduma walikuwa wanataja 500.