Kioo Nilichokichagua Mwenyewe

Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba fundi mmoja wa hapa Morogoro alinipasulia kioo cha mbele cha gari. Nimelisema gereji, nimelisema msibani, na siku moja nikalisema mbele ya wateja wake kwa sauti ya juu. Si kweli. Kioo kile kilipasuka kwa ubahili wangu, na yeye ndiye anayeendelea kula hasara ya maneno yangu.

Gari ni Land Cruiser pikapu, 75 ya injini ya 1HZ, mzee anayeshusha karoti na kabichi kutoka Mgeta. Jiwe lilitoka kwenye tairi la lori lililokuwa mbele yetu, likapiga upande wa dereva, na kioo kikajaa nyufa. Hakikutumwagikia. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati, wazo ambalo Mfaransa Édouard Bénédictus alilisajili mwaka 1909, na utando huo ndio unaovishikilia vipande. Vya milangoni ni vya aina nyingine. Vikipigwa vinakuwa punje kama mahindi.

Fundi alizunguka gari, akachukua bisibisi, akaichomeka chini ya raba kwenye kona ya kushoto. Ikazama. Akaitoa na vumbi jekundu. “Mzee, hapa pameshaoza,” akasema. “Kioo tutaweka, lakini tuanze na hii.” Wenye magari haya wanaujua ugonjwa huo: maji yanajificha chini ya raba, fremu inaliwa kimyakimya, na mwenye gari anashtuka siku mvua inapomlowesha miguu akiwa ndani. Dawa yake ni kukwangua hadi chuma safi, kuchomelea palipotoboka, kupiga rangi ya kuzuia kutu, kuiacha ikauke, ndipo kioo kirudi na raba mpya. Raba ya miaka yote hiyo ilishakuwa ngumu, ukiikunja inakatika.

Mimi nilikuwa na karoti zimeshang'olewa. Nikamwambia afunike na silikoni, raba ileile itatosha, na kioo nitakileta mwenyewe.

Kuhusu kioo chenyewe alinishauri nitafute cha Kijapani cha mtumba, kilichotoka kwenye gari lililokufa, hata kama kina mikwaruzo ya waipa. Nilimwona mshamba. Nikaenda Dar, Gerezani, nikakutana na kioo kipya kabisa, kimefungwa karatasi, kwa karibu nusu ya bei niliyokuwa nimejiandaa nayo. Muuzaji akaniambia ni kopi namba moja. Sikufungua karatasi. Ninaona aibu kuandika sentensi hiyo, maana kila kitu cha kujua kimechapwa pale chini kwenye kona ya kioo, kwa maandishi madogo. Kwenye vioo vya Asahi vya Japani utasoma LAMISAFE kwa cha mbele na TEMPERLITE kwa vya pembeni. Kilichopimwa kwa kanuni za Ulaya kina herufi E na namba ndani ya duara, na 43R kando yake. Cha soko la Marekani kina DOT na AS1. Cha Uchina kilichokaguliwa kina CCC, na wapo Wachina wanaotengeneza vioo vizuri sana, kwa hiyo nisisikike nikiitukana nchi. Changu kilikuwa na neno moja tu la Kiingereza, tena limekosewa herufi.

Siku ya kukipachika nilisimama pale nikiharakisha. Kazi ile ni nzuri kuitazama. Raba inavishwa kioo kwanza, kisha kamba inalazwa ndani ya mdomo wa raba kuzunguka kote, ncha zake zikaning'inia ndani ya gari. Fremu inapakwa maji ya sabuni. Mmoja anasukuma kwa viganja kutoka nje, mwenzake ndani anavuta kamba polepole, na mdomo wa raba unaruka ukingo wa bati kidogo kidogo. Kwenye kona ya kushoto kamba ikakwama. Fundi akasimama, akanitazama. “Mzee, kona ya kioo hiki haikai. Mkunjo wake si wa gari hili.” Nikamjibu asukume. Akasukuma.

Usiku wa kwanza tu taa za magari yaliyokuja mbele zikawa mbili mbili. Mchana, nguzo za umeme zilikuwa zinapinda zikifika ukingoni mwa kioo, na kichwa kikawa kinaniuma. Nikajiambia nitazoea. Halafu asubuhi moja ya baridi kule Mgeta nikakuta ufa umetoka kona ya kushoto chini, umepanda hadi katikati. Nilishuka mlima nikaenda moja kwa moja gereji, nikamwita fundi mharibifu mbele ya watu, na pesa yake iliyobaki nikakataa kumlipa.

Fundi wa pili ndiye aliyenionyesha. Ufa wa jiwe una jicho, kidonda pale lilipopiga. Huu haukuwa nalo. Ulianzia chini ya raba. Alipokitoa kioo, tukakuta gamba la kutu limevimba chini ya silikoni niliyoagiza, na ukingo wa kioo umemeguka palepale lilipoegemea.

Sasa fremu imechomelewa, raba ni mpya, na kioo ni LAMISAFE cha mtumba. Nilikisimamisha wima kabla ya kulipa, nikarudi nyuma hatua mbili, nikatazama nguzo ya umeme kupitia kwake huku nikisogeza kichwa. Haikupinda. Mikwaruzo ya waipa ipo, naiona jua likiwa usoni.

Pesa ya yule fundi nimempelekea, na radhi nimemwomba, lakini tulikuwa wawili tu, ilhali matusi niliyatoa hadharani. Kwa hiyo ninyi mliokuwepo siku ile, na mliohamisha magari yenu kwa sababu yangu: anaijua kazi yake. Yarudisheni kwake.