Sauti Impokonyayo Mwandishi Msomaji

Kule Laare, mikono ya mchambuzi wa miraa hushinda kazini, ila masikio yake yana faragha. Huyo angefaidi sana kitabu kilichorekodiwa. Swali ni: kimesomwaje? Tuchukue Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, ambamo Kongowea Mswahili anasimulia mwenyewe safari ya kumtafuta babaye. Msomaji akiisoma kama taarifa ya habari, kila sentensi ikishukia palepale, uchungu wa kijana huyo hugeuka tangazo. Akiigiza kupita kiasi (na wapo!), ni kero zaidi. Msikilizaji hana ukurasa wa kurejea kwa jicho; hutegemea kituo na pumzi za mwingine. Akichoka huzima simu, akamlaumu Walibora.