Nani atajibu kwa ajili ya uongo wa mtandaoni?

Ndugu vijana, swali moja hurudi mara nyingi katika mikutano yetu: mtu akiibiwa kwa njia ya intaneti, lawama imwendee nani? Baadhi yetu husema intaneti yenyewe ndiyo iliyoleta uovu. Wengine hujibu kwamba ni kama panga, ambalo hufyeka shamba na pia huua, kadiri ya mkono unaolishika. Majibu hayo mawili hayajatutosheleza.

Mwaka 2023, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 nchini Kambodia, huenda wanazuiliwa na kulazimishwa kutapeli wengine mtandaoni. Miongoni mwa walionaswa wamekuwamo vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia. Waliahidiwa kazi nzuri Thailand. Walipofika wakavushwa mpaka, wakanyang'anywa pasipoti. Kazi waliyopewa ni kujificha nyuma ya picha ya mtu mwingine, kumbembeleza mgeni wa mbali kwa majuma mengi, kisha kumshawishi aweke akiba yake katika biashara isiyokuwapo. Aliyekataa alipigwa.

Basi, mwizi hapo ni nani, ikiwa anayeandika ujumbe naye ni mateka? Wahenga walisema: Tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini kijana anayetafuta mshahara ili awalishe wadogo zake, na mjane anayetafuta mwenzi, tutawaitaje wenye tamaa?

Uongo ni wa kale kuliko intaneti. Sokoni, hata hivyo, mdanganyifu humwona mama akihesabu franga zake za mwisho, na pengine huona haya. Mtandaoni haoni machozi ya mtu, na kwa saa moja aweza kuwadanganya mamia. Kwa hiyo wenye mitandao wanaofaidika na matangazo ya namna hiyo wasinawe mikono, wakisema wao ni njia tu. Nasi tunaosambaza tangazo la kazi ya ng'ambo tusinawe yetu. Aliyelazimishwa hahukumiwi sawa na aliyemlazimisha. Lakini kila aliyeupitisha uongo kwa hiari ana sehemu yake ya kujibu.

Kabla ya kutuma tangazo, tuulize: anayeajiri ni nani? Ni nani tunayemfahamu aliyekwenda huko akarudi? Na mwenzetu aliyetapeliwa akija kutueleza, tusimcheke. Aibu humfungia mdomo, na ukimya wake humwachia tapeli nafasi ya kumnasa mwingine.