Nilishangilia Faini za Magari Ulaya, Kisha Binamu Yangu Akapiga Simu

Mapema mwaka jana niliposti video ya dakika moja na nusu nikiwa na furaha ya mtu ambaye timu yake imeshinda. Kampuni za magari Ulaya zilikuwa zinalia. Luca de Meo, aliyekuwa mkubwa wa Renault, alikuwa amesema Septemba 2024 kwamba sekta yao huenda ikapigwa faini ya euro bilioni 15, au ilazimike kuacha kutengeneza magari zaidi ya milioni mbili na nusu, kwa sababu magari yao yanatoa gesi kupita kiwango kilichowekwa. Mimi nikaweka picha za Mathare ikiwa ndani ya maji 2024, nikaongeza biti chini, nikasema: "Walipe. Walipe mpaka wachoke." Manze, ile video ilitembea.

Usiku huo binamu yangu akapiga simu kutoka Ujerumani.

"Kijana, nimeona video yako."

"Umeipenda, bro?"

Akanyamaza kidogo. "Unajua mimi huku natengeneza nini?"

Nilijua ni vyuma. Nyumbani tunasema tu "yuko kiwandani" na story inaishia hapo. Kumbe anatengeneza mabomba ya ekzosi. Na gari la umeme, kama hujawahi kufikiria, halina ekzosi.

Huyu ni mtoto wa mama mkubwa, tumelelewa nyumba moja Umoja. Baada ya form four alikaa miaka miwili Grogan akifungua ekzosi za matatu, akirudi jioni na masizi hadi shosho anamkataza kukaa kwa kochi. Akasoma Kijerumani usiku, akapata nafasi ya mafunzo ya ufundi huko, akakaa miaka mitatu na nusu akasoma na kufanya kazi, na sasa ni fundi kamili. Fee ya mdogo wake yeye ndiye alimaliza kulipa. Kwa hivyo akiniambia nimeongea ovyo, siwezi kumjibu kama ninavyojibu watu kwa komenti.

Ikabidi nikae chini nisome hiyo sheria, kitu ambacho nilipaswa kufanya kabla ya kuposti.

Kwa video nilifanya ni kama kila gari chafu linapigwa faini yake barabarani. Sivyo. Umoja wa Ulaya unachukua magari yote mapya ambayo kampuni imeuza kwa mwaka, halafu unatafuta wastani wa gramu za gesi ya kabonidayoksaidi kwa kila kilomita. Kila kampuni ina lengo lake, lakini kwa Ulaya nzima lengo lililoanza 2025 ni gramu 93.6. Ukipita, unalipa euro 95 kwa kila gramu ya ziada, mara idadi ya magari yako yote mapya.

Tuilete kwa lugha yetu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu kilo 2.3 za hiyo gesi. Gramu 93.6 basi ni gari linalotembea karibu kilomita 24 na nusu kwa lita. Uliza mtu wa Vitz kama anafika hapo kwa jam ya Jogoo Road. Gari la kilomita 15 kwa lita liko kwa gramu 150 na kitu. Ndio maana kampuni haiwezi kufikia huo wastani kwa magari ya petroli peke yake. Lazima iuze ya umeme ya kutosha, kwa sababu hayo yanahesabiwa sufuri.

Na pesa yenyewe si ya kuchezea. Kampuni iliyouza magari milioni moja ikapita kwa gramu moja inalipa euro milioni 95. Ikipita kwa kumi, ni milioni 950. Volkswagen ilikosa lengo la 2020 kwa takriban nusu gramu, na hiyo nusu tu ikawa hesabu ya zaidi ya euro milioni 100. By the way, hizo pesa haziendi kupanda miti. Zinaingia kwa bajeti ya kawaida ya Umoja wa Ulaya.

Hii vita ni ya kitambo. Desemba 2007 Tume ya Ulaya ilipendekeza faini ianze 2012 kwa euro 20 kwa gramu, ipande hadi 95 ifikapo 2015. Ujerumani, kwa kina Mercedes na BMW na yale magari mazito, ikawaka. Ufaransa na Italia, watengenezaji wa vigari vidogo, hawakuwa na presha hiyo. Sheria ilipopita 2009 ilikuwa imelainishwa: gramu ya kwanza euro 5, ya pili 15, ya tatu 25, na 95 inaanzia gramu ya nne. Hiyo nafuu ikakaa hadi 2018. Kilio cha wakati huo ukikisoma ni kile kile cha 2024: kazi zitaisha, magari yatakuwa ghali, tupeni muda. Wakapewa muda. Halafu Septemba 2015 Volkswagen ikakamatwa na programu ya kudanganya vipimo kwenye magari ya dizeli karibu milioni 11 duniani. Hiyo ilikuwa gesi nyingine na kesi nyingine, najua, lakini ndio sababu kampuni ya magari ikilia, mimi huangalia kwanza mikono yake iko wapi.

Tena kuna njia za pembeni, na ni halali kabisa. Kampuni zinaruhusiwa kuungana na kuhesabiwa kama kitu kimoja. Yenye magari machafu inailipa yenye magari safi, wastani unashuka, faini inapotea. Fiat Chrysler ilifanya hivyo na Tesla 2019. Kwa mwaka wa 2025 Stellantis, Toyota, Ford, Mazda na Subaru wakajipanga na Tesla, nayo Mercedes ikaenda na Volvo na Polestar, ambazo ziko chini ya Geely ya China. Yaani unamlipa mshindani wako ndio usilipe serikali.

Njia nyingine ni yale magari ya haibridi ya kuchomeka. Kwa maabara yanaonekana malaika. Machi 2024 Tume yenyewe ilitoa takwimu za magari yakiwa barabarani: yanatoa gesi wastani wa mara tatu na nusu ya kile kilichoandikwa, kwa sababu wenyewe hawayachomeki kwa stima vile ilivyodhaniwa.

Sasa dereva anaingia wapi? Nilimuuliza binamu hivyo akacheka. Yeye mwenyewe alikuwa anatafuta gari. Shifti yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kijiji anachokaa hakina basi saa hiyo. Kampuni, akasema, haingojei faini ifike. Inapiga hesabu mapema na kuiingiza kwa bei ya gari la petroli, ndio gari la umeme liuzike. Na vigari vidogo vya bei ya mtu wa kawaida vinakufa. Ford Fiesta ilikoma 2023, na Volkswagen up! mwaka huo huo. Si faini peke yake iliyoviua. Faida ya kigari ni ndogo, vifaa vya kusafisha moshi ni ghali, na kampuni hupata zaidi kwa magari makubwa yaliyoinuka. Lakini mtu wa mshahara wa kiwandani haulizi ni nani ameviua, anaona tu havipo.

"Si ununue la umeme?" nikamwambia. Rahisi kusema ukiwa Nairobi.

Anakaa ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga. Soketi ya kuchaji hana. Serikali ya Ujerumani ilikuwa inawasaidia wanunuzi, halafu Desemba 2023 ikatangaza Jumamosi kwamba Jumapili ndiyo mwisho. Mwaka uliofuata mauzo ya magari ya umeme huko yakaporomoka, na lengo jipya la 2025 lilikuwa tayari mlangoni.

Hapa lakini nilimpinga, na bado nampinga. Ilipokaribia 2025 ndipo magari ya umeme ya bei afadhali yalianza kutokea, kama Citroën ya chini ya euro 25,000 na Renault 5 iliyokuwa karibu na hapo. Miaka yote walisema haiwezekani, kisha tarehe ya faini ikakaribia na ikawezekana. Sioni kama hiyo ni bahati. Bila ile fimbo hakuna mtu angehangaika na gari la mtu wa kawaida.

"Sawa," akasema. "Lakini fimbo inampiga nani?"

Wakati huo kiwanda chao kilikuwa kimeingia kwa kile Wajerumani wanaita Kurzarbeit. Unafanya kazi saa chache, serikali inakufidia asilimia 60 ya kile umepoteza kwa mshahara, 67 ukiwa na mtoto. Hana mtoto. Alikuwa anafanya siku tatu kwa wiki. Mama mkubwa hajaambiwa. Alidhani pesa imepungua kwa sababu kuna msichana.

Siwezi kusema faini ndiyo imemkata siku mbili. Wachina wanauza magari mazuri kwa bei ya chini, nishati ilipanda Ulaya, na Volkswagen iliposaini mwisho wa 2024 kupunguza kazi zaidi ya 35,000 Ujerumani kufikia 2030, sababu zilikuwa nyingi. Lakini bosi akiitisha mkutano wa wafanyakazi, neno analoanza nalo ni "kanuni za gesi". Ni neno rahisi. Halimlaumu mtu yeyote aliye ndani ya chumba.

Hapo ndipo hasira yangu ilihama. Machi 2025 Tume ikapendekeza kampuni zipewe nafuu: badala ya kupimwa 2025 peke yake, zihesabiwe kwa wastani wa miaka mitatu, 2025 hadi 2027. Kufikia Mei mambo yalikuwa yamepitishwa. Miezi michache ya kulalamika na umepata miaka mitatu ya kupumua! Desemba wakaenda mbali zaidi, wakapendekeza lile lengo la 2035 la kupunguza gesi kwa asilimia 100 liwe 90. Binamu yangu alipata nini kwa hiyo nafuu? Siku zake zilibaki tatu. Nilimuuliza mara mbili nikidhani sijasikia vizuri.

Kwa hivyo video yangu nimeitoa. Sijabadilisha timu, bado nataka hiyo faini, na ningeiacha vile ilivyokuwa. Maji yaliyoingia Mathare hayakupewa wastani wa miaka mitatu. Ila nilisema "walipe" kana kwamba najua ni kina nani hao. Kama ningekuwa na kiti Brussels ningesema hizo euro 95, zikikusanywa, zisipotelee kwa bajeti. Ziende kumfundisha fundi wa ekzosi kazi ya batri na mota kabla kiwanda hakijafungwa, na kumwekea mpangaji wa ghorofa ya tatu mahali pa kuchaji. Mkinipinga kwa komenti, nipingeni kwa hilo.

Gari alipata mwishowe. La petroli, la 2011, euro 3,800, mwenyewe mzee mmoja wa kijijini aliyeacha kuendesha. Wiki ya kwanza likaanza kunguruma kama matatu ya Rongai. Ekzosi ilikuwa imeoza katikati. Garage wakamwambia bei akarudi nyumbani kimya, akaagiza bomba kwa intaneti, na siku moja ya zile mbili ambazo hafanyi kazi akalala chini ya gari kwenye maegesho, jirani akimwangalia kutoka dirishani kama mwizi.

Alituma picha kwa grupu ya familia, uso mweusi tii. Wa kwanza kujibu alikuwa mama mkubwa, kwa sauti, sekunde nne tu: "Wewe si uliniambia huko uko ndani ya kiwanda?"