Uzito Wangu na Springi za Mjukuu

Mimi ni mtu mnene. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akadhani kuwa ninayoyaeleza hapa ni lawama kwa vijana wa pikipiki. Mara ya mwisho nilipopanda kwenye mizani ya kununulia pamba, karani aliyekuwa akinitania alinyamaza ghafla. Nilikuwa na kilo 108.

Ninaishi Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, na kila mwezi hunipasa kwenda Solwa kupimwa shinikizo la damu. Aliyekuwa akinipeleka ni mjukuu wangu, ambaye ni mwendesha bodaboda. Barabara zetu ni za vumbi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga hugeuka tope. Jua likiwaka, tope lile hukauka na kuacha makorongo magumu kama saruji. Kila tulipoingia shimoni, shokapu za nyuma ziligonga, ko! na mgongo wangu ukaitikia. Kijana hakusema neno. Wenzake ndio waliosema, pale kijiweni, wakidhani sisikii: "Mzee ataivunja hii."

Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa pikipiki ile ndiyo shamba lake. Nikampeleka kwa fundi, naye kumbe alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Tutazame nyuma hapa."

Kwanza alizungusha pete iliyo chini ya springi, akaipandisha hadi kidaraja cha mwisho. Pikipiki ikainuka kidogo, lakini mashimoni iliendelea kugonga. Sikushangaa. Pete ile huibana springi kabla mzigo haujapanda. Haiongezi ugumu wake hata kidogo.

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alitundika springi kwenye msumari, akaongeza jiwe moja moja la mizani, nasi tukapima kwa rula. Hiyo ndiyo kanuni aliyoichapisha Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: springi hunyumbuka kwa kadiri ya mzigo, na mzigo ukiwa maradufu, mnyumbuko nao huwa maradufu, mradi springi haijapita kikomo chake. Maneno hayo ya mwisho niliyafundisha kwa miaka mingi bila kuyafikiria sana.

Basi nikaomba rula. Tulipokaa wawili, mimi na mjukuu, shokapu zilishuka sentimita 7, na mwendo wake wote ni sentimita 9. Zilikuwa zimebaki 2 tu za kupokea mashimo yote hadi Solwa! Fundi akaleta springi nyingine, urefu ni ule ule na mizunguko ni ile ile, ila waya wake una unene wa milimita 8 badala ya 7. Mtu angedhani tofauti ya milimita moja ni ndogo. La hasha. Ugumu wa springi hukua kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo milimita ile moja huongeza ugumu kwa takriban asilimia 70. Tulipokaa tena, tulishuka sentimita 4. Safari iliyofuata sikusikia mgongano hata mmoja, na nakiri kwamba nilijivuna. Nilijiona kama nimefundisha somo langu bora kuliko yote.

Fundi alikuwa ametuonya juu ya jambo moja. Ndani ya shokapu mna mafuta yanayopita katika vitundu vidogo, na kazi yake ni kuituliza springi isirudi kwa pupa. Mafuta yale yalipangiwa springi laini. Springi ngumu isiyo na mzigo ingempiga teke mpandaji. Ndivyo ilivyokuwa: kijana alipokuwa peke yake, pikipiki ilirukaruka kama mwanakondoo. Akatafuta dawa yake mwenyewe, nayo ilikuwa kutokwenda mtupu.

Hapa kwetu mawe yenye dhahabu hutolewa mashimoni na kupelekwa kwenye makarasha yakasagwe, na mengi husafiri kwa pikipiki, katika mifuko. Mjukuu wangu alikuwa akibeba mifuko miwili, kila mmoja ukikaribia kilo 50. Baada ya springi mpya akabeba mitatu. Sikujua. Jioni moja, kwenye mteremko, spoki za gurudumu la nyuma zilikatika, rimu ikapinda, naye akaanguka, mifuko ikamfuata. Alivunjika mfupa wa bega. Ingeweza kuwa shingo.

Nilipokwenda kumwona nilikuwa nimeandaa maneno makali, kama mwalimu mkuu. Akaniambia kwa upole, "Babu, mbona ilikuwa haigongi?"

Sikuwa na jibu. Mgongano ule tuliouondoa ndio uliokuwa ukisema "basi, imetosha". Tuliinyamazisha sauti, lakini breki zilikuwa zile zile, na spoki, na ekseli, na tairi. Mzigo ulikuwa haujapungua. Ulikuwa umehama tu, ukaenda kukaa mahali ambapo hapana sauti ya kuonya.

Nilikumbuka pia kosa langu la zamani. Nilipokuwa mwalimu mkuu, madawati ya wanafunzi wawili yalikaliwa na wanne, na kila muhula mengine yalivunjika. Nikatafuta seremala, akayapigia mbao za kuimarisha. Yalipoacha kuvunjika, wazazi waliacha kulalamika, na kikao cha kujenga darasa jipya kikaahirishwa mwaka hadi mwaka. Watoto waliendelea kubanana juu ya madawati imara.

Kijana alipopona, tulikaa pamoja tukafungua kitabu kilichokuja na pikipiki. Humo huandikwa uzito wa juu kabisa ambao chombo kizima kinaruhusiwa kubeba, abiria na mizigo pamoja. Tulijumlisha kwanza mifuko mitatu na yeye mwenyewe: ilizidi mbali. Kisha, kwa haki, tukajumlisha yeye na mimi. Tulizidi pia. Tulikuwa tumezidi tangu siku ya kwanza, kabla ya fundi, kabla ya rula yangu.

Springi ngumu bado zipo, naye sasa hubeba mfuko mmoja, au abiria mmoja wa kawaida. Mimi nakwenda Solwa kwa gari la abiria, nikiamka saa kumi alfajiri ili nisikose kiti. Naambiwa na daktari nipunguze kula ugali usiku, na ninajitahidi. Kwa mwenye chombo kama hiki nina ushauri mmoja tu: kabla hujamwendea fundi akuongezee nguvu, tafuta kwanza kikomo kimeandikwa wapi, kisha usome kwa sauti, mbele ya huyo atakayekibeba.