Ka-ka-ka kwenye kona

Haya wadau, mwenzenu nimerudi. Najua nimepotea wiki tatu, na rumumeti ananiambia kuna watu walishaanza kuulizia kama nimedisko. Sijadisko bwana! Nilikuwa home Singida, likizo, na simu sina. Kwa nini sina, ndo stori yenyewe. Leo naandikia kompyuta ya maktaba, kwa hiyo makosa ya kuchapa mnisamehe.

Mzee wangu ni dereva teksi. Gari lenyewe ni saluni ndogo, mtumba wa Japani, la yale yanayovutwa na matairi ya mbele. Ndo linalotulisha. Siku za kawaida anapiga kazi mjini, siku za mnada anabeba watu mpaka vijijini huko Ikungi, njia za mchanga na mawe.

Siku ya pili tu tangu nifike, tukaingia kwenye kiplefti nikasikia: ka-ka-ka-ka. Tukinyoosha, kimya. Mzee akasema ni wiki ya pili sasa. Halafu akanigeukia: "Wewe si unasoma fizikia huko? Hii nini?"

Jamani, hapo ndo ilibidi niseme sijui. Lakini mtoto wa chuo, mwalimu mtarajiwa, nitasemaje sijui? Nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Shokapu hizo, baba."

Mzee akaamini. Akachukua laki na themanini aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mdogo wangu, aliyekuwa anajiandaa kuripoti fom faivu. Hiyo ilikuwa hela ya godoro, sare, ndoo na nauli. Shokapu za mbele zikafungwa zote mbili. Tukatoka gereji, kona ya kwanza tu: ka-ka-ka. Mzee hakusema kitu. Bora angenifokea.

Usiku nikamsikia mdogo wangu anamuuliza mama kama shuleni wanapokea mtu asiye na godoro. Sikulala.

Asubuhi nikamwomba mzee tulipeleke kwa fundi mmoja mtu mzima, anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Nikamwamkia, nikamweleza. Wala hakufungua boneti. Alianza na maswali. Inalia ukinyoosha, au ukikata kona tu? Ukikata kulia au kushoto? Ukikanyaga mafuta inazidi? Ukiongeza mwendo, na mlio unaenda mbio? Wadau, mimi sikuwa nimeuliza hata moja.

Akaanza na vitu vya bure: nati za tairi zimekaza? Kuna jiwe limenasa kwenye kashata za tairi? Hamna. Tukaenda sehemu ya wazi, akakata usukani kulia mpaka mwisho, akazunguka polepole huku anakanyaga mafuta kidogo. Ikalia. Akazungukia kushoto, kimya. "Sivi jointi ya nje, upande wa kushoto," akasema. Mara nyingi inayolia ni ile ya upande wa nje wa kona, maana mzigo unaegemea huko. Akaniinamisha nione nyuma ya tairi: ile raba ya mikunjo-mikunjo imechanika, grisi imerukia mpaka ndani ya rimu.

Wale wa Arts, nawapa desa fupi. Tairi la mbele kwenye gari kama hilo lina kazi mbili kwa wakati mmoja: kupokea nguvu ya injini na kukata kona. Chuma kilichonyooka hakiwezi kupinda huku kinazunguka, kwa hiyo mwisho wa shafti kuna kiungo, kama bega lako, na ndani yake kuna gololi 6 zinazotembea kwenye mifereji. Aina hii aliibuni mhandisi Alfred Rzeppa huko Marekani miaka ya 1920. Uhai wake ni grisi. Raba ikichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, mifereji inalika. Ukikata kona gololi zinagonga kwenye mabonde hayo, ndo ka-ka-ka yenyewe. Shokapu kazi yake ni kutuliza springi kwenye mashimo, haihusiki kabisa!

Ukiiwahi raba kabla ya mlio, unasafisha, unaweka grisi na raba mpya, basi. Mlio ukishaanza, kiungo ndo kimeondoka hivyo. Ukipuuza, siku kitakapovunjika injini itanguruma na gari haliendi. Nikawaza mzee na abiria wake, usiku, katikati ya pori.

Fundi alilegeza kwanza nati kubwa ya katikati gari likiwa bado chini, ndo akapiga jeki na kuweka stendi. Akatoa tairi, akaachanisha boli jointi, akachomoa shafti, akagonga kiungo cha zamani kikatoka. Ukipitisha kidole kwenye mifereji unayasikia mabonde. Kipya kikajazwa grisi yake nyeusi, raba mpya ikafungwa kwa kibana cha chuma. "Siyo kwa mpira wa manati," akasema, maana wapo wanaofanya hivyo.

Spea na ufundi nililipa kwa salio la bumu. Godoro nililipa kwa simu. Mdogo wangu kachelewa kuripoti siku nne, lakini kaenda na kila kitu.

Siku narudi chuo mzee alinipeleka stendi. Kwenye kiplefti akazunguka mara mbili makusudi, vioo vimeshushwa. Kimya kabisa. Akacheka kidogo, akasema: "'Sijui' ni bure, mwalimu."

TP inakuja wadau, na najua kuna mtoto wa fom tuu ataniuliza kitu nisichokijua mbele ya darasa zima. Naanza kujizoesha hilo neno mapema.

Na wewe ambaye mzee wako ana gari la kuvuta mbele, mpigie leo, achungulie raba. Alamsiki.